Kisumu hadi New York: kilomita ni hesabu moja, saa ni nyingine

Ukiiuliza simu yako umbali wa Kisumu hadi New York, itakujibu kilomita 11,560 hivi, na chini yake itakuandikia muda wa kuruka wa karibu saa 15. Namba ya kwanza ni ya kweli. Ya pili si safari ya mtu yeyote, kwa kuwa hakuna ndege ya abiria inayoondoka Kisumu ikatua New York. Kurasa nyingi za aina hiyo hugawanya umbali kwa maili 500 kwa saa, zikaongeza nusu saa, basi. Haziulizi kama ndege ipo, upepo unavuma kuelekea wapi, wala utakaa Nairobi saa ngapi umekumbatia begi.

Safari halisi ya mtu wa Kisumu, Siaya, Vihiga au Kakamega kwenda pwani ya mashariki ya Marekani huchukua kati ya saa 20 na 30, uwanja hadi uwanja. Tofauti hiyo ya saa kumi haitokani na bahari ya Atlantiki. Inatokana na namna ndege zilivyounganishwa, na hasa na kipande kifupi kuliko vyote, zile kilomita 280 za Kisumu hadi Nairobi. Ukijua kupiga hesabu mwenyewe, utaiona tiketi mbaya kabla hujailipia.

Umbali kwanza

Ndege ya masafa marefu hufuata duara kuu kadiri inavyoruhusiwa, yaani njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Ramani ya ukutani imeitandaza dunia kama kitambaa, na hapo ndipo watu wengi hupotoka. Weka rula kati ya Nairobi na New York kwenye ramani hiyo, utaona mstari unapita Nigeria na Mali na kutokea pwani ya Mauritania. Sasa chukua tufe la darasani, vuta uzi kati ya miji hiyo miwili mpaka ukaze. Uzi utapita Sudan Kusini, mpakani mwa Sudan na Chad, kaskazini mwa Niger, Algeria, kisha utaiacha Afrika kwenye pwani ya Morocco. Huo uzi ndio njia fupi.

Uzi huohuo una jambo ambalo mtu wa magharibi mwa Kenya hana budi kulijua. Kutoka Jomo Kenyatta (NBO), duara kuu la kwenda New York huanza kwa kuelekea kaskazini-magharibi, kwenye dira digrii 312, na hupita chini ya kilomita 20 kutoka uwanja wa Eldoret. Kwa hesabu, basi, abiria wa Eldoret husafiri kilomita 268 kuelekea Nairobi, kisha huelekezwa juu ya nyumbani kwake tena. Wa Kisumu naye huanza safari kwa kuipa mgongo New York.

Kuhesabu umbali huo kuna kanuni ndefu, lakini sisi wa Kisumu tumerahisishiwa kazi na ikweta. Uwanja wa Kisumu (KIS) uko digrii 0.09 tu kusini mwa ikweta. Ukishika barabara ya Busia unaivuka ikweta pale Maseno. Kwa sababu hiyo sehemu nzima ya kanuni inakaribia sifuri na unaweza kuiacha. Kinachobaki ni hiki: chukua kosini ya latitudo ya unakokwenda, izidishe kwa kosini ya tofauti ya longitudo, tafuta pembe ambayo kosini yake ni jibu hilo, kisha zidisha pembe hiyo kwa 111.2, ambazo ni kilomita za digrii moja ya mzingo wa dunia.

Tujaribu. Uwanja wa JFK wa New York uko latitudo 40.64 kaskazini, longitudo 73.78 magharibi. Kisumu ni longitudo 34.73 mashariki. Mmoja uko mashariki na mwingine magharibi, kwa hiyo unajumlisha: 34.73 na 73.78 ni 108.51. Kosini ya 40.64 ni 0.7588. Kosini ya 108.51 ni −0.3175. Zizidishe, unapata −0.2409. Pembe yake ni digrii 103.94. Mara 111.2, ni kilomita 11,558. Kanuni kamili inatoa 11,563. Umekosea kwa kilomita tano katika elfu kumi na moja na nusu, na umetumia kikokotoo cha mtoto wa sekondari.

London Heathrow (51.47 kaskazini, 0.45 magharibi) kwa njia hiyo inakuja kilomita 6,605, kamili ni 6,613. Dubai inakuja 3,580 hivi. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou (23.39 kaskazini, 113.30 mashariki) watapata 8,840 hivi, huko kote ni mashariki, kwa hiyo longitudo unazitoa badala ya kuzijumlisha.

Makosa yanayojirudia hapa ni matatu. La kwanza, kikokotoo kimewekwa kwenye RAD (radiani) badala ya DEG (digrii). Majibu yanatoka ya ajabu na mtu analaumu kanuni. La pili, kusoma digrii na dakika kana kwamba ni desimali. Digrii 34 na dakika 44 si 34.44. Dakika unazigawanya kwa 60 kwanza, na hapo 44 zinakuwa 0.73. La tatu, kusahau mashariki na magharibi, ukatoa palipotakiwa kujumlisha, na New York ikajikuta karibu kuliko London. Ukiona alama ya kutoa kwenye kosini usiogope wala usiifute: inamaanisha tu kwamba unakokwenda ni zaidi ya robo ya mzingo wa dunia.

Kwa umbali mfupi huhitaji kosini. Kisumu na Nairobi zimeachana digrii 1.23 za latitudo na 2.20 za longitudo, yaani kilomita 137 kusini na 245 mashariki. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, unapata 280 na ushei.

Kutoka kilomita hadi saa

Boeing 787 husafiri kwa asilimia 85 ya kasi ya sauti, ambayo kule juu ni karibu kilomita 900 kwa saa. Wengi hugawanya umbali kwa 900 na kuridhika. Lakini muda unaoandikwa kwenye tiketi huanza ndege inaposogea kutoka maegeshoni na huisha inaposimama upande wa pili. Humo mna kutambaa hadi kwenye barabara ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda, kushuka, kujipanga nyuma ya wengine na kutambaa tena. Mna pia mzunguko wa njia, maana uzi wa kwenye tufe haujui mipaka ya nchi wala vita. Tangu mapigano yalipozuka Sudan Aprili 2023, anga lake limefungwa kwa sehemu kubwa, na ndege za Ulaya na Marekani zinalazimika kulizunguka.

Kwa safari ndefu natumia kipimo hiki: ongeza asilimia 4 kwenye umbali, gawanya kwa 850, kisha ongeza nusu saa. Nairobi hadi London ni kilomita 6,840. Kipimo kinakupa saa 8 na dakika 52. Nairobi hadi Dubai, kilomita 3,560, kinakupa saa 4 na dakika 51. Nairobi hadi New York, kilomita 11,840, kinakupa saa 15 kasoro dakika moja, na ndivyo Kenya Airways ilivyoipanga safari hiyo ilipoianza tarehe 28 Oktoba 2018: saa 15 kwenda, karibu saa 14 kurudi.

Saa moja ya kurudi imetoka wapi? Upepo. Kati ya kilomita 9 na 12 kutoka ardhini, katika latitudo za Ulaya na Marekani Kaskazini, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa, na majira ya baridi ya kaskazini huwa mkali zaidi. Unapokwenda Marekani unapambana nao, unaporudi unakubeba. Si lazima uwe mkali njia nzima ili uonekane kwenye saa. Umbali wa 11,840 kwa kasi ya 850 ni saa 13 na dakika 56. Kwa kasi ya 950 ni saa 12 na dakika 28. Upepo wa wastani wa kilomita 50 tu kwa saa umezaa tofauti ya saa moja na nusu. London–New York ina desturi hiyohiyo: karibu saa 8 kwenda, 7 kurudi. Nairobi–London haionyeshi tofauti kubwa kwa sababu inakwenda kaskazini, na upepo unaipiga ubavuni. Hapa kwetu karibu na ikweta mkondo huo haupo, kwa hiyo usiutafute kwenye ratiba ya Kisumu.

Kwenye kipande cha Kisumu kipimo changu hakifanyi kazi hata kidogo. Ratiba inaandika dakika 45 hadi 55. Kilomita 280 kwa dakika 50 ni wastani wa kilomita 336 kwa saa, wakati Dash 8 yenye propela inaweza kwenda karibu 650 na Embraer 190 ya jeti zaidi ya 800. Ndege imetumia muda wake mwingi ikipanda, ikishuka na kutambaa. Hiyo kasi inayosifiwa imeionja kwa dakika chache tu. Ndiyo maana kwenye njia fupi ndege ya jeti haiwezi kuishinda ya propela kwa zaidi ya dakika kadhaa. Anayelipa zaidi kwa ajili ya jeti Kisumu–Nairobi asiseme ananunua muda.

Jambo moja la urefu wa nchi. Jomo Kenyatta iko mita 1,624 juu ya bahari, na hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Joto likipanda digrii 10, inapungua asilimia nyingine 3 hivi. Mabawa na injini vyote vinaila hewa hiyo. Kwa hiyo ndege iliyojaa mafuta ya saa 15 huruka vizuri zaidi usiku, hewa ikiwa baridi na nzito, na hii ni sababu mojawapo ya safari ndefu za Nairobi kuondoka usiku. Eldoret iko mita 2,115 hivi. Barabara yake ya kurukia ina kilomita 3.5 na inazihitaji zote.

Kupitia wapi

Kituo cha kati kinaweza kuwa njiani au kinaweza kukupindisha, na huwezi kujua kwa kuangalia bei. Pima hivi: jumlisha vipande, linganisha na 11,840 ya Nairobi–New York.

Kupitia London ni 6,840 na 5,540, jumla 12,380. Umeongeza kilomita 540, yaani chini ya dakika 40 za angani. Amsterdam inakuja 12,520 hivi. Miji hiyo ya Ulaya iko njiani kweli, kwa sababu duara kuu lenyewe linapanda kaskazini. Dubai ni 3,560 na 11,020, jumla 14,580. Hapo umeongeza 2,740, zaidi ya saa tatu za kukaa kwenye kiti, kabla hata ya kuhesabu kusubiri. Kwa anayekwenda Guangzhou mambo yanageuka: Ghuba iko upande wake.

Simaanishi Dubai au Doha ni kosa. Nauli ikishuka vya kutosha, saa tatu zinaweza kustahili. Lakini mtu mwenye watoto wadogo, au mzee anayekwenda kuona wajukuu, saa 14 za Dubai–New York mfululizo baada ya saa tano za Nairobi–Dubai ni mzigo tofauti na saa 9 na 8 zilizokatwa katikati London. Kabla ya kukata shauri, angalia masharti ya visa ya kupita katika nchi ya kati. London hasa inayo, na visa ya Marekani iliyo hai mara nyingi hubadilisha jibu. Hilo ulithibitishe kwa pasipoti yako, si kwa ya jirani.

Saa iliyo kwenye tiketi

Tiketi huandika saa ya mahali ndege ilipo: kuondoka kwa saa ya Kenya, kufika kwa saa ya huko. Ukitoa moja kwa nyingine moja kwa moja utapata upuuzi. Rudisha zote kwenye saa ya Kenya kwanza. New York iko nyuma yetu kwa saa 8 majira yao ya baridi na saa 7 majira ya joto. London saa 3 na saa 2. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. Marekani husogeza Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kuna majuma mawili au matatu ya Machi, na moja la vuli, ambapo mmoja amebadilisha na mwenzake bado, na tofauti ya London na New York inakuwa saa 4 badala ya 5. Tiketi yako imeshazingatia hayo. Anayekuja kukuchukua uwanjani ndiye huenda hajazingatia.

Chukua ratiba ya mfano. Unaondoka Kisumu 18:10, unafika Nairobi 19:00, unaondoka 23:25, unafika New York 06:25 kesho yake, mwezi wa Januari. 06:25 ya New York ni 14:25 ya Kenya. Toka 18:10 hadi 14:25 ni saa 20 na dakika 15. Humo angani ni saa 15 na dakika 50, kusubiri ni saa 4 na dakika 25. Karatasi ikisema umeondoka jioni na kufika asubuhi, mwili wako unajua ni mchana wa saa nane.

Sasa, saa yetu. Tiketi inasema 23:25, na mtu wa nyumbani anasema saa tano na dakika ishirini na tano za usiku. Kuanzia 07:00 hadi 18:00 unatoa 6. Kuanzia 19:00 hadi saa sita ya usiku unatoa 18. Kuanzia 00:00 hadi 06:00 unaongeza 6, kwa hiyo 02:10 ni saa nane na dakika kumi usiku. Hesabu hizi ni nyepesi. Kinachowakosesha watu ndege ni tarehe. Tiketi ikiandika 00:30 tarehe 15, hiyo ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe Nairobi jioni ya tarehe 14. Anayeondoka nyumbani tarehe 15 amechelewa kwa siku nzima, na hakuna kaunta itakayomsikiliza. Kiswahili kimetupa neno kamili la jambo hili, kwa hiyo mwandikie kila anayehusika: “usiku wa kuamkia tarehe 15.”

Kilomita 280

Kisumu ilikuwa kwenye njia ya London tangu 1931, wakati Imperial Airways ilipotumia ndege za kutua majini hapa Ziwa Victoria, na safari ilihesabiwa kwa siku. Leo kipande cha angani Kisumu–Nairobi hakifiki saa moja, na bado ndicho kinachoharibu safari nyingi kuliko Atlantiki.

Sababu ya kwanza ni hewa ya hapa. Mchana upepo wa ziwa husukuma unyevu kuelekea mashariki, kwenye miinuko ya Nandi, Kericho na Kisii. Hewa hiyo ikipanda na kupashwa joto, mawingu ya radi huumbika alasiri, kisha jioni hushuka kuelekea Kisumu. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, na ule wa vuli, Oktoba hadi Desemba, huwa hivyo zaidi. Rubani akikuta wingu la radi juu ya uwanja huzunguka akisubiri, au hurudi Nairobi, au hutua Eldoret, na abiria waliokuwa wakiingojea ndege hiyohiyo Kisumu wanabaki wameshika pasi za kupandia.

Ya pili haionekani kwa abiria: ndege moja hufanya mizunguko kadhaa kwa siku. Dakika 30 zilizopotea asubuhi kwa sababu ya mawingu ya chini Nairobi, ambayo Juni hadi Agosti ni ya kawaida, hurithiwa na kila safari inayofuata. Ndege ya mwisho ya jioni huja imebeba madeni ya siku nzima.

Kwa hiyo ile ratiba ya mfano, ya kuondoka Kisumu 18:10, mimi nisingeinunua. Fanya hesabu ya kurudi nyuma. Ndege ya New York ni 23:25. Uwe uwanjani saa tatu kabla, yaani 20:25, kwa kuwa safari za Marekani zina ukaguzi wa ziada na kaunta hufungwa mapema. Barabara ya Kisumu–Nairobi ni karibu kilomita 350. Siku ya kawaida huchukua saa 7 hadi 8. Toa 8 kutoka 20:25, unapata 12:25. Ikipita saa sita na nusu mchana, barabara haikuokoi tena. Ndege yako ya Kisumu basi iwe ile ambayo hatima yake utaijua kabla ya saa hiyo. Kukaa Nairobi kwa saa kumi au zaidi kunachosha, lakini kuna dawa: kiti, chai, chaji ya simu. Ndege ya saa 15 iliyokuacha haina dawa ya namna hiyo.

Ya tatu ni karatasi. Kisumu na New York zikiwa kwenye tiketi moja, yenye namba moja ya uhifadhi, ukichelewa njiani ni kazi ya kampuni kukupangia nyingine. Ukinunua kipande cha Kisumu peke yake kwa bei nafuu na kingine kando, ukichelewa unahesabiwa kuwa hukutokea, na nauli inaweza kwenda nayo. Upande wa pili wa sarafu: ukiwa na tiketi moja, usiamue siku ya mwisho kwenda Nairobi kwa basi na kuruka kipande cha Kisumu. Mfumo ukiona hukupanda kipande cha kwanza hufuta vyote vilivyobaki. Piga simu kwanza, kibadilishwe, ndipo upande basi.

Angalia pia unatua uwanja gani. Baadhi ya safari za Kisumu huishia Wilson (WIL), na Wilson si Jomo Kenyatta. Viko zaidi ya kilomita 12 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna magari ya Nairobi. Ukiona WIL kwenye tiketi ya kipande cha kwanza na NBO kwenye cha pili, ongeza saa mbili na nauli ya teksi.

Mizigo ina hesabu yake. Safari za Marekani kwa kawaida huruhusu mabegi ya kilo 23, mara nyingi mawili, lakini nauli nyingine za chini za safari za ndani huruhusu begi la mkononi tu, mara nyingi la kilo 7. Kwenye tiketi mbili tofauti, kilo 46 za unga, omena na vitenge zitalipiwa Kisumu kama ziada. Begi likipokelewa, soma herufi tatu kwenye lebo yake. Likiandikwa JFK linakwenda mwisho. Likiandikwa NBO utalichukua mwenyewe Nairobi na kulikabidhi upya. Na hata likiandikwa mji ulio ndani zaidi ya Marekani, uwanja wa kwanza wa kuingia nchini humo kwa kawaida lazima ulichukue, upite forodha, ulirudishe tena. Tenga saa tatu kwa hilo.

Anayetoka Busia au Siaya anaufikia uwanja wa Kisumu kabla ya kuingia mjini. Anayetoka Kisii, Ahero au Kericho lazima auvuke mji, na jioni hiyo si dakika kumi. Watu wa Bungoma, Webuye na Kitale walinganishe na Eldoret (EDL), ambao uko nje ya mji upande wa Kapseret. Kwa hewa umbali wa Nairobi karibu ni uleule, 268 dhidi ya 280. Nakuru wasisumbuke na kipande cha ndege. Mstari ulionyooka hadi Jomo Kenyatta ni kilomita 147, barabara ni zaidi ya 160, na kurudi nyuma hadi Kisumu au Eldoret ni kupoteza siku. Waweke saa tano za barabara kwa ajili ya Naivasha, Rironi na jiji lenyewe, mwisho wa juma na sikukuu waweke sita.

Kurudi ni kinyume, na kalenda inakunyang'anya siku. Ukiondoka New York 12:25 mchana Januari, kwetu ni 20:25 usiku. Ongeza saa 14, unatua Nairobi 10:25 asubuhi ya kesho yake. Uhamiaji, mabegi na forodha hufanyika Nairobi hata kama tiketi inafika Kisumu, kwa hiyo weka saa mbili nzima, kisha ukakabidhi mizigo upya jengo la safari za ndani. Ndege ya Kisumu ya saa nane mchana inakutosha na inatangulia radi. Ya saa sita na nusu ni kubahatisha: mkondo wa upepo ukipungua, ile saa 14 inakuwa 14 na nusu, na begi lako bado linazunguka kwenye mkanda.